Kupe wa Kundi

Kimya alikuwa amelala tena, safari hii mdomo wazi, kidevu juu ya daftari tupu. Kiranja alimtazama kwa hasira mpaka miwani yake ikaingia ukungu. Leo ndiyo leo, akajiambia.

Jina la Kiranja alipewa na wanadarasa, na wala halikumkera. Kule posta, kwenye dirisha lake la vifurushi, hakuna aliyewahi kuruka foleni akabaki salama. Hapa chuoni alikuwa amebakiza somo moja tu katika shahada yake ya masomo mchanganyiko, lile somo la msingi ambalo hakuna anayehitimu bila kulifaulu. Joho lilikuwa limeshashonwa, linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na mumewe kila akipita hulipigia saluti. Mama mkwe naye alikuwa ameshaalika ukoo mzima. Akifeli, uso ataupeleka wapi?

Kazi yenyewe ilikuwa ya makundi: chagueni kitu kimoja cha kawaida, mkitazame kwa macho manne, ya historia, ya sayansi, ya sanaa na ya falsafa. Siku makundi yanapangwa, posta kulikuwa na shughuli, na Kiranja akachelewa. Aliingia akihema, akaona watu wanabishana ovyo kwenye meza ya karibu na mlango, akajua hapo ndipo anapohitajika. Kiti hakikuwapo. Akavuta kimoja kilichokuwa kitupu kwenye meza ya dirishani, akaketi.

"Haya, sisi tunachukua ndoo," alisema. "Wewe Mpiga Picha, sanaa. Fundi Saa, sayansi. Dada Mshonaji, historia."

Wale watu wakatazamana. Kiranja akadhani ni heshima.

"Falsafa nimeshapewa mimi," alisema mwanamume mmoja huku akipiga miayo.

"Na nani?"

"Na hawa hapa."

"Basi nakupokonya. Unaonekana umechoka, kaka yangu."

"Ahsante sana," alijibu yule mtu kwa moyo mkunjufu, akalaza kichwa mezani. Ndiye huyo waliyekuja kumwita Kimya.

Tangu hapo Kiranja hakujua raha. Aliandika falsafa ya ndoo, akajiuliza kama ndoo iliyotoboka bado ni ndoo, akakosa jibu na usingizi kwa pamoja. Historia ya Mshonaji aliiandika upya, picha za Mpiga Picha akazikataa zote. Nyumbani ndoo ilihamia mezani kwa ajili ya utafiti, watoto wakawa wanaoga kwa sufuria. Na kila wiki alikuta meza yao imepungukiwa kiti, akaenda kukivuta kile kile cha dirishani, ambacho hakikuwahi kupata mwenyewe.

Yote hayo aliyavumilia. Kilichomchoma moyo ni Kimya.

"Jamani, hamumwoni huyu kupe?" aliwauliza wenzake. "Sisi tunatoka jasho, yeye anatoka udenda!"

"Mwache tu, dada," alisema Mshonaji, macho chini. "Sisi tunashukuru tu ulivyotujia."

Kiranja hakuwa mtu wa kuacha. Alimfuata Mwalimu ofisini, akamkuta amezungukwa na marundo ya kazi za darasa lililofurika hata hajui nani ni nani.

"Mwalimu, weka sheria. Mtu asiyefanya kazi na kundi lake, somo amefeli. Na asionewe huruma."

"Hata akija kulia?"

"Alie mpaka akauke."

Mwalimu aliipenda sheria hiyo, akaitangaza siku ile ile, na darasa zima likapiga makofi. Mpiga Picha peke yake alipatwa na kikohozi.

Sasa siku ya kuwasilisha ilikuwa imefika. Ndoo ilikuwa mezani, imeoshwa mpaka inang'aa, na Kimya alikuwa anakoroma pembeni yake. Mwalimu alisafisha koo.

"Kabla hatujaanza, kuna kundi lenye malalamiko?"

Kiranja aliruka juu, mkono hewani. Lakini kwenye meza ya dirishani Kinyozi, kijana mpole, alikuwa ameshasimama.

"Tangulia, mdogo wangu," alisema Kiranja kwa ukarimu. Haki ni haki, na yeye alikuwa na uhakika wa yake.

"Mwalimu, sisi tulipangwa wanne," alisema Kinyozi. "Mwenzetu mmoja hajakanyaga mezani kwetu tangu siku ya kwanza. Tumekitazama kitasa kwa macho matatu. Kitasa chetu hakina falsafa."

"Afelishwe!" Kiranja alipiga meza, ndoo ikaanguka, Kimya akashtuka. "Sheria ni sheria! Kupe kama hao ndio wanaotuharibia shahada!"

Mshonaji alijifunika uso kwa kitabu. Mwalimu alichukua kalamu.

"Ni nani huyo?"

"Hata kwa sura hatumjui," alisema Kinyozi. "Tuliambiwa tu ni mama mmoja wa posta, dirisha la vifurushi. Na kiti chake chenyewe, Mwalimu, kila wiki kinachukuliwa na huyu mama wa ndoo."