Pini za Ladidi

"Nyuzi au pini?" daktari aliuliza, glavu zake zimelowa damu. Mtoto alikuwa ameshalia, na kwenye tumbo la Ladidi lililopasuliwa ilikuwa imebaki ngozi tu ya kufungwa. "Nyuzi zinajificha ndani, dada, kovu halitaonekana sana. Pini za chuma zinakaa nje, na sura yake si nzuri."

Ganzi ilikuwa imemshika Ladidi kuanzia kifuani kwenda chini, lakini masikio yalikuwa mazima. Mama mkwe wake alikuwa akipayuka mlangoni: "Mshoneni upesi! Maji yanachemka nyumbani, na matawi ya mwarobaini nimeshakata!"

Mwaka jana mke mwenzake naye alijifungua kwa kupasuliwa, akashonwa kwa nyuzi. Mama mkwe alilitazama lile tumbo, akacheka. "Kidonda kiko wapi, mvivu wewe?" Akachovya matawi kwenye maji yanayotokota, akamchapa nayo tumboni, kama mzazi anavyoogeshwa kwao asubuhi na jioni. Pigo la tatu, mshono ukafumuka.

Ladidi ndiye aliyemshika mke mwenzake mikono asikimbie. Mpaka leo anaisikia ile ngozi ikiachia, kama kanga inayochanwa.

"Pini," alisema. "Tena nyingi. Mama mkwe avione vyuma kabla hajanyanyua tawi."

"Lakini siku ya saba tunazitoa."

Kuogeshwa kwa maji ya moto ni siku arobaini. Ladidi alikunja ngumi chini ya shuka, akaikaza mpaka kucha zikamzama kiganjani.

"Siku saba zinanitosha," alisema. "Nikiweza kusimama tu, hilo tawi nitalishika mimi, si yeye."