Pini ya Kofia

Mashabiki walimpigia makofi, na hapo Wendell Tackett akajua kibarua chake kinaota nyasi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa mieleka wa Corley, Tennessee. Goti lake la kushoto liligoma, akaanguka bila kuangushwa na mtu. Alipokuwa anajikokota kuinuka, mwanamke mmoja akasema, "Maskini!" Wengine wakapiga makofi ya kumtia moyo.

Mwanamieleka mwingine angefurahi. Lakini ulingoni Wendell alikuwa Baroni Kessler, Mjerumani katili mwenye koti jeusi, na vita dhidi ya Wajerumani vilikuwa havijasahaulika. Watu walilipa kiingilio ili waje wamchukie. Ujerumani yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Alizaliwa Kentucky, ng'ambo ya milima, na ile lafudhi aliiokota kwenye sinema.

"Leo wakikuhurumia tena, rudi kwenu," alisema Pruitt, promota, katika chumba cha kubadilishia nguo, huku akitafuna tumbaku.

"Kwetu kuna mgodi tu, Bwana Pruitt."

"Basi kachimbe makaa."

Mgodi huo ulimmeza baba yake, na hata mwili haukutolewa. Wendell akaendelea kufunga kamba za viatu. Alikuwa amechoka. Alichoka na barabara, alichoka na vyumba vya kupanga vinavyonuka kabichi, alichoka kula peke yake ameukabili ukuta. Maana kazi ile ina sheria: mwovu hana rafiki, hana kanisa, hana ndugu. Siku akionekana anachekeana na mtu dukani, watu watajua ni mchezo, na mchezo utakuwa umekwisha.

"Halafu yule Bibi Pini kaja tena," Pruitt alisema. "Nimwambie askari amzuie mlangoni? Siku moja atakutoboa jicho yule."

"Mwache. Amelipa kiingilio kama wengine."

"Kwa Mjerumani, una roho nzuri mno. Ndiyo shida yako."

Bibi Pini alikuwa kikongwe mwembamba mwenye kofia ya kijani. Kila Jumamosi alikaa kiti cha mbele, kando ya njia ya kuingilia, na Baroni akipita tu, yeye huchomoa pini ndefu ya kofia yake akamdunga nayo paja la kulia. Jina lake halisi hakuna aliyelijua pale. Mji mzima ulimpenda.

Alasiri hiyo mpinzani alikuwa Buck Sutter, kijana wa hapo hapo Corley, mwenye nywele za dhahabu na meno yote. Baroni alimtemea mate. Akamkanyaga vidole. Refa alipogeuka, akamvuta nywele. Watu walizomea, lakini kivivu, kama waumini wanaoitikia amina ya mahubiri marefu.

Kisha goti likagoma tena, akaenda chini.

Ukumbi ukanyamaza. Buck, ambaye moyo wake ulikuwa laini kuliko mikono yake, akamwinamia. "Mzee, vipi? Unaweza?"

"Nipige," Wendell alinong'ona. "Nipige, mjinga we!"

Buck akasita, na watu wakaona amesita.

"Msaidieni jamani, mtu mzima huyo!" sauti ilisema kutoka nyuma. Mtu mmoja akapiga makofi, na mwingine akafuata. Wendell alifumba macho, akauona mdomo wa mgodi.

"Mnamwonea huruma huyu?"

Bibi Pini alikuwa amesimama, kofia imekwenda upande. "Mmelogwa? Goti haliumi hilo, anawachezea shere! Inuka, nguruwe we! Alaaniwe mwanamke aliyekuzaa! Heri angezaa jiwe, angesagia mahindi!"

Watu wakaangua kicheko. Kabla askari hajafika, kikongwe alishapenyeza mkono chini ya kamba, na pini ikazama pajani.

Wendell aliruka juu akipiga ukelele, akatua kwa miguu yote miwili.

"Mmeona? Goti limepona!"

Ukumbi ulilipuka. Kumbe wametiwa kiini macho! Walimtupia maganda ya karanga, chupa za soda, hata kiatu. Wanaume wazima walipanda juu ya viti wakimtukana hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Wendell, machozi ya maumivu yakimlengalenga, aliwacheka kwa kiburi, kisha akambamiza Buck kwa nyuma, akashinda kwa hila. Askari wanne ndio waliomtoa.

"Nakupa msimu mzima mwingine!" Pruitt alimpiga begani. "Umewahi kusikia kelele kama zile? Hapo umeiva kabisa!"

Wendell alitokea mlango wa nyuma, koti limefunika kichwa. Gari lake lilikuwa limetapakaa mate na mayai. Aliendesha polepole kuelekea milimani, goti likivimba, jua likiwa bado juu. Watoto walimrushia mawe mpaka kwenye daraja.

Ng'ambo ya mto, pale ambapo watu wa Corley hawafiki, kikongwe mwenye kofia ya kijani alikuwa ameketi kituo cha basi, kikapu mapajani. Wendell alisimamisha gari. Bibi akafungua mlango, akaingia bila kuombwa, akairudisha pini mahali pake.

Gari likaanza kupanda mlima.

"Pini sina neno nayo," Wendell alisema mwishowe, kwa sauti iliyochoka isiyo na Ujerumani wowote ndani yake. "Lakini kumtukana mama yangu mbele za watu, kila Jumamosi?"

Kikongwe alifunua kikapu, akatoa chupa ya dawa ya kuchulia.

"Nimekuzaa mimi, kwa hiyo nitajitukana nitakavyo," alisema. "Simamisha gari, ulete hilo goti."