Nusu Kilo

Mizani ilikataa tena: nusu kilo zaidi. Mbaruku alisimama juu yake uchi, kocha Ndaro akimkinga kwa taulo. Msimamizi akatazama saa ya ukutani.

“Mna nusu saa. Akishindwa, pambano la kesho halipo.”

Tangu alfajiri Mbaruku alikuwa akikimbia amejifunga mifuko ya nailoni. Nywele zilishanyolewa zote. Jasho lilikwisha.

“Niambie ukweli,” Ndaro akanong'ona. “Uzito huu umeutoa wapi?”

“Nilijichoma sindano za kukuza misuli, kocha. Miezi mitatu. Nilitaka ngumi iwe nzito.”

Ndaro akayatazama yale mabega, ambayo yeye mwenyewe aliyasifu kila siku mazoezini.

“Ngumi yako ilikuwa inatosha, mwanangu.”

Pale kwenye benchi mpinzani wake, mwembamba kama ufito, alishapimwa na sasa alikuwa anamenya chungwa taratibu.

Ndaro akampa Mbaruku kopo tupu. Bondia yeyote anajua kazi yake: unatema mate humo mpaka uzito ushuke.

Mbaruku akaliinamia, akafumbua mdomo. Harufu ya chungwa ikamfikia. Akasubiri. Hata tone halikudondoka.