Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

Eliamani, mpimaji wa maji, alikuwa akishindilia mkaa wa mifupa kwenye ndoo ya kuchujia, Bi Ndeshi alipomletea kikombe cha maji.

"Kunywa, mwanangu. Nayachemsha mara mbili, meno ya mjukuu wangu yasizidi kuwa ya kahawia."

Eliamani akanywa yote kwanza. "Bibi, kuchemsha kunaua vijidudu. Madini ya floraidi, yanayotia meno rangi, hayaondoki. Maji yakipungua sufuriani, madini yanabaki. Mkaa huu ndio unaoyanasa."

"Kwa hiyo niliyemharibu ni mimi?"

"Umemkinga na homa ya matumbo miaka yote hii, bibi."

Mkaa uliisha ndoo ikiwa nusu. Eliamani angeleta mwingine kesho yake. Msichana, yule mjukuu, akaja kuichungulia ndoo, akacheka huku amefunika mdomo. Bi Ndeshi akaushika mkono ule, akaushusha taratibu.