Chumvi Kwenye Chupa

Nyamizi alitia punje za mahindi ya shemeji yake Maganga kwenye chupa kavu, akaongeza chumvi kavu, akatikisa. Kwenye mafunzo ya kuhifadhi nafaka, wakulima waliambiwa kwamba chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu, na gunia moja la namna hiyo linaweza kuozesha ghala zima. Ghala lilikuwa la wakulima thelathini, na ufunguo walimkabidhi yeye.

Chumvi ilinata.

"Rudi ukaanike, shemeji."

"Juzi nimekupukuchulia mahindi, leo unanirudisha kwa chumvi ya mboga?" Maganga alifoka. "Haya, pima na yako!"

Foleni nzima ya wakulima mlangoni mwa ghala ilicheka. Nyamizi alifungua gunia lake, akapima mbele yao. Chumvi ikanata vilevile.

"Ingiza tu, mama," mwanamke mmoja alimwambia. "Mvua hiyo inakuja. Sisi tutanyamaza."

Mtu mwingine angeitupa ile chupa. Nyamizi alimpa yule mwanamke ufunguo amshikie, akaliburuta gunia lake hadi uwanjani, akatandaza turubai na kumwaga mahindi yote. Upepo ukainua pembe moja. Maganga akavua viatu, akaja kuikanyaga ile pembe, macho yake yakiwa kwenye wingu.