Barua za Rosalind

Honor Lidgate alichana ukurasa wa tisa, akautupa motoni, akaenda tena kuchungulia sanduku la barua. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Hakuna kitu, Bi Honor," alisema Edna, mpishi wake. "Tarishi akipita nitakuletea. Kwani ni barua ya mfalme?"

Ilikuwa ya msichana wa miaka tisa. Kwa miaka miwili Rosalind Pike alimwandikia kila wiki kutoka Ashcombe, kijiji cha pili. Kwa nini yule sungura wa kitabuni hakurudi kwao? Mama yake hakumtafuta? Honor, ambaye vitabu vyake vilisomwa na watoto Uingereza nzima, alimjibu kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili, mara nyingine nne. Bila maswali yale asingekuwa na la kuandika.

Sasa wiki ya sita, kimya. Na kitabu kimekwama. Nyumba ilikuwa tulivu kama alivyoitaka: mume yuko kazini London, mtoto ameanza shule ya bweni, mbwa kapelekwa kwa jirani. Bado hakuna sentensi iliyokubali kukaa.

"Labda amekua," Edna alisema. "Watoto hukua, hata usipowaangalia."

"Nenda kapike, Edna!"

Mchana alivaa koti, akatembea maili mbili kwenye mvua hadi Ashcombe. Anwani ya Rosalind ilikuwa ya duka la Bi Gummer, ambalo ndilo pia posta ya kijiji.

"Namtafuta Rosalind Pike," alisema, kofia ikichuruzika maji. "Kama anaumwa, nataka kumwona. Kama wazazi wake wamemkataza kuniandikia, nataka kuongea nao."

Bi Gummer alicheka, kisha akaacha ghafla.

"Unanitania, Bi Lidgate?"

"Nimelowa chapachapa. Nafanana na mtu anayetania?"

Bi Gummer aliinama, akatoa bahasha tatu chini ya kaunta. Zote zilikuwa na mwandiko wa Honor. Hakuna iliyofunguliwa.

"Hapa hakuna mtu anayeitwa Pike," alisema polepole. "Barua hizi alikuwa akizichukua binti yako akitoka shule, kabla hamjampeleka bweni. Aliniambia ni mchezo wenu, wewe na yeye."