Sauti ya Baba Somoe

Siku hizi anayeshindwa kura za maoni hukiachia chama sauti yake, na mashine humnadi mshindi kwa sauti hiyo mpaka uchaguzi mkuu upite. Mume wangu aliitwa mwizi na Likomba mbele ya wajumbe na watoto wetu, kisha akashindwa naye. Alisaini fomu ya kuiachia sauti, akarudi nyumbani, akalala. Wiki ya tatu tukamzika. Sauti yake ikabaki kazini.

Nilikuwa naanua nguo gari la matangazo lilipopita. "Jamani, Likomba ni mtu safi," alisema mume wangu, na kikohozi chake kilekile.

Jirani yangu, Bi Esha, akacheka. "Shoga, marehemu mwenyewe kakubali yaishe. Wewe nani ununie chama?"

"Angekubali, asingekufa," nikamjibu.

Siku ya uchaguzi nilitoka kituoni wino haujakauka kidoleni. Simu ikaita.

"Mama Somoe, umetupigia kura, mke wangu?"

Miaka ishirini nilikipigia chama hicho bila kuulizwa. Siku hiyo nilikuwa nimewapa wapinzani.

"Ndiyo, Baba Somoe," nikasema.

Sikuwahi kumdanganya mume wangu kabla ya hapo.